Mtikisa Ziwa

Kwa miaka mitatu mimi nilikuwa ziwa.
Mimi na Lukelesha, yeye kulia, mimi kushoto,
mita kumi na nane za kitambaa cha bluu kutoka Makoroboi,
kimeungwa katikati kwa mshono ulioonekana
hadi benchi la mwisho, na hakuna aliyejali.
Tukikitikisa taratibu, ni asubuhi.
Tukikivuta na kukiachia ghafla, mtumbwi umepinduka.
Na Mbalu akiingia kudai kaka yake,
"Ziwa, nirudishie!"
ukumbi mzima wa Mabatini ulijibu, "Rudisha!"
Muuza maandazi mlangoni alijibu,
mlinzi alijibu,
na mimi pembeni mwa jukwaa, mdaiwa mwenyewe,
nilihisi vidole vikinilegea.

Kisha akaja Rwegoshora na kamera.
Akautazama mchezo mara mbili, akalia mara moja,
akasema: Tutaufanya filamu. Na ziwa tunalo.

Ziwa tunalo.
Lukelesha akanitazama. Tukakikunja kitambaa
pembe kwa pembe, kama shuka la mgonjwa aliyepona.
Yeye akaenda Geita kuchimba.
Mimi nikapewa kazi ya chupa za chai.

Igombe, alfajiri. Mbalu akasimama mchangani,
akajaza kifua, akaimba kama siku zote,
kwa ajili ya aliyekaa mbali.
"Kata," akasema Rwegoshora. "Dada, usipige kelele.
Kamera iko puani pako. Uambie wimbo huo
kama unauambia mto wa kulalia."
Mara ya saba sauti ilikuwa nyembamba kama sindano,
na niseme kweli: ilinichoma mahali
ambapo ile kubwa haikuwahi kufika.
Sikumwambia mtu. Niligawa chai.

Lakini ziwa halikuwa limefanya mazoezi.
Penye tufani lilitulia kama uji uliopoa.
Penye ukimya lilileta injini ya mtumbwi,
magugu maji, na kongoti mmoja
aliyepita mbele ya kamera polepole
kama bwana kodi.
Siku nne watu walilipwa kungoja upepo.
Mimi ningewapa kwa mkono mmoja.

Siku ya tano waitikiaji wakakatwa.
"Msichana yuko peke yake ufukweni,"
Rwegoshora alisema, wala si kwa ubaya.
"Nani anamjibu?"
Wanika dagaa ishirini na wawili, na kanga zao za sare,
wakarudishiwa nauli.
Nani anamjibu. Nililala na swali hilo,
kitambaa kikiwa chini ya kitanda.

Usiku wa kuonyeshwa, ukumbi una baridi ya mashine,
viti vinameza watu. Giza.
Uso wa Mbalu ukajaa ukuta, mkubwa kuliko mawe ya Bugando,
nikaona kovu la tetekuwanga kwenye nyusi
ambalo kwa miaka mitatu, hatua sita kutoka kwake,
sikuwahi kuliona.
Nyuma yake ziwa. Zuri. La kweli.
Nililitafuta mshono, halikuwa nao.

"Ziwa, nirudishie," akanong'ona.

Watu mia mbili, mikono mapajani.
Kisha safu ya nyuma, mama mmoja
ambaye harufu ya dagaa ilimtangulia kuingia
akasema, bila kupaza, kama anayedai chenji yake:
"Rudisha."
Mtu akacheka. Mwingine akamnyamazisha kwa meno.
Mbalu hakusikia, akaendelea,
filamu haijui kumngoja mtu,
lakini viganja vyangu vilikuwa vimeshafumba
na mikono, gizani, inapanda na kushuka,
inapanda na kushuka,
na upande wa kulia hakuna aliyeshika.

Jirani akainama: "Umeangusha simu?"
Nikamwambia, ndiyo.
Akawasha tochi yake, mtu mwema,
tukatafuta wote chini ya viti.